Nani Ndugu wa Mgonjwa?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika Sunan Abi Dawud, kwenye milango ya kutayamamu, kuna kisa ambacho kila mwanafunzi anayesoma mbali na kwao anapaswa kukijua. Kundi la maswahaba lilitoka safari. Njiani mmoja wao akapigwa na jiwe, likampasua kichwa. Kisha usiku akaota, akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama wanaona ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawaoni ruhusa hiyo, maadamu maji yapo na anaweza kuyatumia. Yule bwana akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alitoa maneno mazito ambayo ni nadra kuyasikia kutoka kwake. Alisema kwamba wenzake ndio waliomuua, akawaapiza, kisha akahoji kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwa kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza.

Wenzangu wa somo la Hadithi watanikumbusha kwamba wanazuoni wameijadili sanad ya kisa hiki, na kwamba ile nyongeza inayotaja kufunga jeraha kitambaa na kupangusa juu yake wengi wameiona dhaifu. Ni kweli. Lakini kiini chake, cha mtu aliyejeruhiwa, akapewa fatwa bila elimu, akafa, na lawama ya Mtume juu ya wasiouliza, kimepokewa pia kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Hicho ndicho ninachotaka tukizungumze.

Hebu tuwatazame wale wenzake walikuwa watu gani. Hawakuwa maadui zake. Walikuwa wenzake wa safari, wanakula naye, wanaswali naye, na tuna kila sababu ya kudhani kwamba walimpenda. Walikuwa watu wa dini pia, kwani kosa lao lilikuja katika kuilinda ibada. Kilichomuua ndugu yule ni ushauri wa watu wake wa karibu, ambao kwa pale safarini walikuwa ndio baba yake, mama yake na tabibu wake. Alikuwa hana mwingine wa kumuuliza.

Sasa turudi kwetu. Sisi tunaosoma hapa Uganda tukiwa tumetoka Tanzania, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo, ni watu wa safari vilevile. Safari yetu ni ya miaka mitatu au minne badala ya siku chache, tuna magodoro na majiko, lakini hali ni ileile. Mtu akiugua usiku wa manane katika chumba cha kupanga hapa Mbale, mama yake yuko Kigoma au Bukavu. Anayemsikia akigugumia ni yule anayelala kitanda cha pili. Na yule wa kitanda cha pili ndiye atakayetoa ile fatwa: ngoja asubuhi, meza panado, hiyo ni homa ya kawaida tu, hayo ni majini.

Nataka nikae kidogo kwenye hilo la majini, maana muhula uliopita lilitufika. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana wa mkoa wa Tanga, alikuwa na homa kwa siku tatu. Alikuwa amepewa na rafiki yake vidonge vya malaria vilivyobaki kwenye dozi ya mtu mwingine, akavimeza bila kupima. Usiku wa siku ya tatu akaanza kuweweseka na kutaja watu ambao hawapo. Mara mwili ukakakamaa, macho yakageuka, mikono ikawa inatetemeka. Wenzake wa hosteli, Allah awalipe kwa mapenzi yao, walifunga mlango wakaanza kumsomea. Walisoma Ayatul-Kursi, wakasoma Muawwidhatayn, wakarudia. Mmoja akatumwa kumtafuta sheikh wa mtaa wa pili. Zikapita kama saa mbili. Aliyeukata mzizi wa fitina ni mama mwenye nyumba, ambaye ni Mkristo. Alisikia kelele, akagonga, akaingia, akamshika kijana paji la uso, akasema neno moja la Kiganda ambalo sote tunalijua tukikaa hapa mwezi mmoja: omusujja. Yaani homa, malaria. Akapiga simu mwenyewe, likaja gari la kukodi, akapelekwa hospitali ya serikali. Mimi niliitwa kwa simu wakiwa wameshafika. Nilipoingia nilimkuta muuguzi ameshika karatasi, anauliza nani ndugu wa mgonjwa. Vijana sita walikuwa wamesimama pale, wanatazamana.

Alhamdulillahi kijana alipona. Alichomwa sindano za artesunate, akawekewa maji ya sukari kwa sababu sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka sana, na baada ya siku tano alitoka, ingawa mitihani miwili ilimpita. Daktari alitueleza kwa upole kwamba vimelea vya malaria kali vinaziba mishipa midogo ya damu kwenye ubongo, na ndiyo maana mtu huweweseka, hupata degedege, hata hupoteza fahamu. Alisema ugonjwa huo unahesabiwa kwa saa.

Wala asije mtu akaniambia kwamba napinga ruqya. Ruqya ni Sunna, na sote tunajua Hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) ya swahaba aliyemsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akainuka. Lakini hakuna mahali tulipofundishwa kwamba kusoma kunahitaji mlango uliofungwa na gari lililozuiwa. Ayatul-Kursi inasomeka ndani ya teksi, na Al-Fatiha inasomeka kwenye benchi la mapokezi. Aliyesema maradhi yana dawa na aliyesoma ruqya ni Mtume mmoja. Mabedui walipomwendea kumuuliza kama watafute matibabu, aliwaamuru watafute, akawaambia kwamba Allah hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na kama kweli ni jini, ndugu yangu, kipimo cha malaria cha kutoboa kidole hakimdhuru, na majibu yake hutoka ndani ya nusu saa.

Wapo wengine ambao hawataji majini, wanataja tawakkul. Unamwambia mtu twende hospitali, anakujibu kwamba Allah ndiye mponyaji. Hilo ni kweli tupu, lakini limewekwa mahali pasipo pake. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, aliambiwa tauni imeingia huko. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawauliza, akawaita Answari akawauliza, kisha akawaita wazee wa Kikureshi. Alipoamua kurudi, Abu Ubayda (r.a.) alimhoji kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar alimjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine kavu. Popote atakapolisha ni kwa kadari. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) na Hadithi ya Mtume iliyoafikiana na uamuzi ule. Mwenye tawakkul kubwa kuliko Umar miongoni mwetu na ajitokeze, tumsikilize.

Katika Suratul-Baqarah, aya ya 195, Allah anatukataza tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, anatukataza tusiziue nafsi zetu. Aya hii ya pili ndiyo aliyoitegemea Amr bin al-As (r.a.) mwaka wa 8 Hijria katika safari ya Dhatus-Salasil. Usiku ulikuwa wa baridi kali, akawa na janaba, akahofia kwamba akioga atakufa. Akatayamamu akawaswalisha wenzake. Walipomshtaki kwa Mtume (s.a.w.) akaeleza sababu yake, Mtume alicheka wala hakusema kitu. Linganisheni usiku ule na usiku wa yule aliyepasuka kichwa. Wote walikuwa safarini, wote walikuwa na janaba. Tofauti ni elimu tu.

Basi tujifunze mambo ya hapa tulipo, kwa sababu huwezi kumsaidia mgonjwa katika nchi ambayo hujui mlango wa hospitali yake uko wapi.

Hapa Uganda huduma za serikali zimepangwa kwa ngazi. Viko vituo vya afya vya daraja la pili, la tatu na la nne, halafu hospitali za kawaida, halafu hospitali za rufaa za mikoa kama ile ya Mbale, na juu yake zile za taifa kama Mulago iliyoko Kampala. Kituo cha daraja la pili kitakufaa kwa homa ya mchana. Mtu anayetoka damu nyingi, anayeshindwa kupumua, aliyepoteza fahamu au mwenye degedege, usimzungushe huko chini. Mpeleke moja kwa moja penye daktari na chumba cha upasuaji, yaani daraja la nne au hospitali. Tangu mwaka 2001 ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya serikali, isipokuwa kwenye zile wodi za kulipia. Kwa hiyo yule anayekaa ndani na maumivu kwa kuogopa bili ajue kwamba upo mlango usiodai pesa mbele. Ila tusidanganyane: dawa huisha, na mara kwa mara utaandikiwa karatasi ukanunue nje. Weka akiba ya pesa ya dharura kwenye simu na usiiguse kwa ajili ya bando.

Namba za dharura ni 999 na 112. Ukivuka Busia au Malaba ukaingia Kenya, namba hizohizo zinatumika, na kwa nyumbani Tanzania ni 112. Nimezitaja kwa sababu katika darasa letu la watu arobaini na zaidi niliuliza nani anazijua, ikainuka mikono mitatu. Lakini tuseme kweli, gari la wagonjwa si jambo la kulisubiri ukiwa umekunja mikono. Kila chumba kiwe na namba za madereva wawili wa gari la kukodi wanaopokea simu usiku. Bodaboda ni ya mgonjwa anayejishika mwenyewe. Aliyepoteza fahamu au anayetetemeka kwa degedege asipakiwe kwenye pikipiki kati ya watu wawili, kama tulivyozoea kuona, ataanguka au atakosa hewa. Mlaze kiubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Na aliyeanguka kwenye ajali ya bodaboda, ambazo hapa ni nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, usimnyanyue kwa kumkunja shingo.

Na kwa wenzetu wanaosafiri likizo kwa basi kupitia Nairobi: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haijaweka sharti la uraia katika hilo. Ukishushwa kwenye basi ukiwa mgonjwa, huna haja ya kuomba radhi kwa kuwa mgeni. Kadi ya bima ya nyumbani usiitegemee kabla hujawauliza walioitoa kama inavuka mpaka.

Nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Yule muuguzi aliyeuliza nani ndugu wa mgonjwa hakuwa anajaza karatasi tu. Hospitali zetu, za hapa na za nyumbani, zimejengwa juu ya ndugu. Daktari atapima na muuguzi atachoma sindano, lakini anayeleta shuka, beseni na chupa ya chai ni ndugu. Anayekwenda dirisha la dawa ni ndugu. Anayemsaidia mgonjwa kwenda msalani saa nane usiku ni ndugu. Mgonjwa asiye na mtu, hata akiwa katika hospitali nzuri, hulala kwenye godoro tupu na karatasi ya dawa iko chini ya mto haijanunuliwa. Hivyo ndivyo mfumo ulivyo, na mwanafunzi mgeni ndiye anayeanguka kwenye ufa wake.

Sisi tumezoea ile ziara ya baada ya Ijumaa. Tunakwenda watu kumi na wawili, tumebeba ndizi na juisi, tunasimama kukizunguka kitanda, anatoa mmoja dua ndefu, tunapiga picha, tunaondoka. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu na thawabu zake ni kubwa, sisemi tuache. Ila usiku ule unaofuata mgonjwa anabaki peke yake. Wale kumi na wawili wangegawana zamu za saa sita sita, wangetosha kwa siku tatu nzima mchana na usiku.

Utaniambia una kipindi, una jaribio, una mkutano wa jumuiya. Mwaka wa 2 Hijria Waislamu walitoka kwenda Badri, na hakuna mkutano wa jumuiya uliofikia uzito wa siku ile. Sayyidna Uthman (r.a.) hakwenda. Mkewe Ruqayya, binti ya Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa, na Mtume mwenyewe akamwamuru abaki amuuguze, akamhakikishia kwamba ana ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badri. Kuuguza kulipimwa na jihadi, kukapewa fungu lake kwenye ngawira! Kipindi cha saa nne asubuhi unaweza kunakili kwa mwenzako.

Na Sa'd bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa siku ya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye amzuru. Wanahistoria wa Sira wanamtaja Rufayda al-Aslamiyya (r.a.), aliyekuwa akiwatibu majeruhi humo. Msikiti wa Mtume ulikuwa na wodi. Msikiti wetu una stoo iliyojaa mabango ya semina za zamani. Hatuhitaji wodi, lakini kwenye rafu moja ya ile stoo vingeweza kukaa shuka mbili, beseni, chupa ya chai, tochi na kisanduku cha huduma ya kwanza, vya kumfuata mgonjwa yeyote wetu hospitalini.

Dada zetu wana tabu yao mahsusi, na nitaisema ingawa mimi ni mwanamume. Dada anaumwa tumbo usiku, anavumilia kwa sababu anahofia daktari atakuwa wa kiume. Nimesimuliwa hayo zaidi ya mara moja. Kuomba tabibu wa kike ni haki yake na mara nyingi atapatikana, hata kama ni muuguzi wa kusimama naye. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na hufunuliwa kwa kadiri ya haja. Ar-Rubayyi' bint Muawwidh (r.a.) amesimulia kuwa wao wanawake walikuwa wakitoka na Mtume (s.a.w.) vitani wakiwapa watu maji na kuwatibu majeruhi, na Imamu al-Bukhari ameitaja Hadithi hiyo katika Sahihi yake. Kama mwanamke aliruhusika kumfunga jeraha mwanamume, basi na kinyume chake kinajulikana.

Kuna na hofu ya maneno ya watu. Dada ameanguka kwenye hosteli, waliopo ni kaka wawili wa jirani, nao wanasita kumpeleka kwa sababu kesho patasemwa. Someni kisa cha Ifk. Safwan bin al-Mu'attal (r.a.) alimkuta Mama wa Waumini Aisha (r.a.) ameachwa nyuma na msafara, peke yake jangwani. Alimpigishia ngamia magoti, akampandisha, akaongoza ngamia kwa mguu mpaka akawafikia watu. Maneno yalisemwa, tena mabaya. Na aya zilipoteremka katika Suratun-Nur ziliwalaumu waliosema, hazikumlaumu aliyesaidia. Mchukueni dada yenu hospitali, muiteni na dada mwingine afuatane nanyi, na maneno waachieni wenye nayo.

Vilevile, mgonjwa asiulizwe kwanza amefanyaje hata akaugua. Iwe ni pombe, iwe ni mimba, iwe amemeza kitu kwa kukata tamaa ya maisha, na hili la mwisho lipo katika vyuo na tusijifanye halipo. Mfikishe. Mweleze daktari ukweli wote unaoujua, kwa sababu dawa hufuata ukweli, halafu ufunge mdomo kwa wengine. Aliyemsitiri Muislamu ameahidiwa sitara ya Allah.

Wapo pia wanaokataa hospitali za misheni kwa kuwa kuna msalaba ukutani. Katika Sunan Abi Dawud imo riwaya kwamba Sa'd (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa alikuwa mtu wa utabibu, na wanazuoni wamehitilafiana kama Harith aliwahi kusilimu. Tena katika Hijra, njia ya kufika Madina ilikabidhiwa kwa Abdullah bin Urayqit ambaye alikuwa bado katika dini ya Makureshi, kwa sababu aliijua njia. Ujuzi na uaminifu ndivyo vilivyotazamwa.

Limebaki la fedha. Nimeona kitu kimoja katika jumuiya zetu ambacho sikipendi. Mwenzetu akifariki, mchango wa kusafirisha mwili hukamilika ndani ya siku moja au mbili, mamilioni ya shilingi, simu zinapigwa hadi Dar es Salaam na Mombasa. Akiwa bado hai amelala na karatasi ya dawa ya shilingi elfu themanini, mchango wake unatangazwa kwenye kundi la simu, watu wanaweka alama ya mikono ya dua, na jioni zimepatikana elfu kumi na tano. Maiti akizikwa alipofia hadhuriki na kitu, na wanazuoni wengi wanaona ndiyo bora. Aliye hai ndiye mwenye haja.

Allah ameweka fungu la zaka kwa ajili ya ibnus-sabil katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Wanazuoni wamemweleza kuwa ni msafiri aliyekatikiwa na mali yake njiani, hata kama kwao ni tajiri. Mwanafunzi ambaye baba yake ana duka Kariakoo lakini pesa haijamfikia na yuko kitandani, anaweza kuingia humo, na wanaotoa zaka katika mji huu waelezwe hivyo na maimamu wetu. Aya hiyohiyo imewataja wenye madeni, na bili ya hospitali ya binafsi ni deni. Mbali na zaka, shilingi elfu mbili kwa kila mwanachama kila muhula, zikishikwa na watu wawili na kusomwa hesabu hadharani, zitanunua dawa za usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza ndio mgumu. Baada ya hapo nyumbani huwa wameshapata habari.

Nilifikisha mawazo haya kwa amiri na kwa dada anayeongoza upande wa kina dada, wakayapokea. Fomu zimeshachapwa, ziko kwa katibu. Zinauliza kundi la damu kama unalijua, ugonjwa wa kudumu ulio nao, iwe ni pumu, selimundu, kisukari au kifafa, na dawa inayokudhuru ukipewa. Usione haya kuandika, zitasomwa na watu wawili tu na zitafungiwa kabatini. Nakala ya pili bandika ndani ya mlango wa kabati lako la nguo, na wa chumbani mwako waambie iko pale.

Nimezipitia zile za kwanza kurudishwa. Kwenye nafasi ya ndugu wa karibu karibu wote mmeandika jina la baba, na namba ya simu ya nchi nyingine. Hilo libaki. Ila chini yake tumeacha mstari wa pili, na wengi mmeuacha wazi. Mstari huo ni wa jina la yule anayelala kitanda cha pili. Mwombeni ruhusa, mwandikeni, naye awaandike. Fomu zinapokelewa hadi Ijumaa baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiiq.